Alama za Kelele

Simu ilisema hivi tu: "Bwana Nyuki ametutoka, kesho tunazika Mitundu." Mpigaji hakutaja jina la marehemu na mimi sikuuliza. Mabwana nyuki wamepita wengi katika mkoa huu, maofisa waliotumwa kuwafundisha kufuga nyuki watu waliokuwa wakitundika mizinga tangu ofisi yenyewe haijajengwa, lakini kwangu Bwana Nyuki ni mmoja, Ntandu. Nilipokata simu nilibaki nimekaa kwenye kigoda uani kwangu, huku chini Ziwa Kindai la hapa Singida likiwaka jua la saa kumi, nikaisikia pikipiki yake. Naapa niliisikia, kama mama anavyosikia mtoto analia chumba cha pili na mtoto mwenyewe ni mtu mzima, yuko Dodoma na ana watoto wake watatu wa kulea. Nilimaliza kuanua alizeti, nikafunga mkoba, asubuhi nikapanda basi la Itigi.

Pale stendi ya Itigi nikachukua bodaboda ya kunipeleka Mitundu. Kijana aliniamkia shikamoo kwa adabu, akafuta siti kwa kiganja, na hatujatoka mjini akaanza kunisifia chombo chake. Alikuwa amekichagua mwenyewe, hakudanganywa na mtu. Aliangalia video kwenye simu, wamezishindanisha pikipiki nne, mbio, mafuta, breki, kila kitu, na hii ndiyo iliyoongoza. Nikamuuliza amekaa nayo muda gani. "Mwezi wa tatu huu, mama." Nikamuuliza imekuwaje. Tukaruka shimo moja, tukaruka la pili, kisha akasema, "Ina mambo yake." Nilicheka peke yangu mgongoni kwake. Kila mtu niliyepata kumjua mwenye pikipiki, ukimuuliza swali hilo, hujibu hivyo hivyo, na jibu hilo sijawahi kuliona limeandikwa kwenye gazeti. Vichaka vilikuwa vimetubana pande zote mbili, vilevile kama zamani, vimeshonana kiasi kwamba mbuzi akiingia hatua kumi humwoni tena, na vumbi jekundu likinyanyuka nyuma yetu, nikafumba macho, nikarudi kwenye mwaka ule.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne na nasubiri kuitwa chuo cha ualimu, nikapelekwa Itigi kumsaidia shangazi aliyekuwa na gesti ya vyumba sita nyuma ya stesheni. Chumba changu kilikuwa cha mwisho, kidogo, chenye dirisha la wavu lililotazama ua wa karakana ya Fundi Hamisi, na kati yangu na karakana kulikuwa na ukuta wa tofali moja, kwa hiyo maisha ya watu niliyasikia kabla sijayaona. Treni ikipita, vikombe vilitembea vyenyewe mezani. Chumba kizima kilinuka asali, kwa sababu shangazi alihifadhi madebe ya wateja chini ya vitanda, na nilipolala niliota mara nyingi kwamba naelea juu ya kitu kizito, cheusi na kitamu. Sukari mwaka ule ilikuwa ya kutafutwa kwa tochi. Chai tuliinywa kwa asali, uji wa uwele tuliunywa kwa asali, na abiria wa treni walipochungulia madirishani na kulalamika kwamba chai yetu ina ladha ya moshi, shangazi aliwaambia hiyo ndiyo ladha ya Itigi, wakitaka nyingine washuke Tabora.

Ntandu alikuja gesti kila alipoleta taarifa zake ofisini, mara nyingine baada ya wiki moja, mara nyingine tatu, kutegemea mvua na barabara. Alikuwa na miaka thelathini hivi, mwembamba, mwenye makovu madogo ya miiba mikononi, na alikuwa amemwoa Dada Magdalena mwaka mmoja kabla. Alikula ugali wa uwele na mlenda taratibu, akisikiliza zaidi kuliko anavyosema. Nilimpenda. Sasa nina umri wa kusema hivyo bila kuona aibu. Nilimpenda sana, na hakuna aliyejua, isipokuwa huenda Dada Magdalena, ambaye siku zote alinitazama kwa upole uliozidi kidogo. Pikipiki yake ilikuwa ya bluu, mali yake mwenyewe, aina ile ya zamani inayochanganyiwa oili ndani ya petroli na kutoa moshi wa bluu nyuma. Watu waliiita Malkia, kwa sababu ilivuma kama mzinga uliopigwa teke. Kuiwasha kulikuwa na utaratibu wake. Alipiga kiki mara mbili, akapumzika akitazama pembeni kama mtu asiye na haja nayo, akaligonga tanki kwa kiganja mara moja, kisha kiki ya tatu, na hapo mlio ukapasuka, kuku wakatawanyika, na shangazi jikoni akasema, "Haya, mwenye kelele anaondoka." Mlio ule uliendelea kusikika muda mrefu, ukipungua kuelekea kusini, mpaka hujui tena kama unausikia au unaukumbuka.

Gazeti lililetwa na mzungu mmoja wa visima. Alilala chumba namba nne siku mbili, akaondoka na mitambo yake kwenda kuchimba maji, na mimi nilipoingia kutandika nikalikuta chini ya mto. Lilikuwa gazeti la pikipiki, karatasi nzito zinazong'aa, zikinuka kama duka jipya. Nililala nalo siku kadhaa kabla sijamwonyesha mtu. Barabara zake zilikuwa nyeusi na laini, zimepinda kando ya milima yenye majani mabichi, na waendeshaji walivaa ngozi na hakuna hata mmoja aliyebeba kitu. Hilo la kutobeba kitu lilinishangaza kuliko milima. Ukurasa wa katikati ulikuwa na shindano: pikipiki mbili zimewekwa uso kwa uso, nyekundu na bluu, na ile ya bluu ilikuwa Malkia yenyewe, ikiwa mpya, haina hata mkwaruzo. Nilipomwambia Fundi Hamisi kupitia dirishani, alidondosha spana.

Basi jioni Ntandu alipofika, tulikaa karakana, yeye juu ya tairi, Fundi Hamisi juu ya kreti, wapiga soga wawili watatu wa stesheni ukutani, na mimi kwenye kigoda cha shangazi na gazeti mapajani. Kiingereza cha Ntandu kilikuwa cha darasani, cha majina ya magonjwa ya nyuki. Changu kilikuwa cha kidato cha nne, lakini nilikuwa na sauti, na siku ile niligundua kwamba nikisoma mbele za watu wananyamaza. Nilisoma kipengele kimoja kimoja na kukigeuza Kiswahili. Kuwaka asubuhi, nyekundu alama tisa, bluu tano. Breki, nyekundu nane, bluu sita. Starehe ya kiti. Mafuta. Mtetemo.

"Mtetemo ndiyo nini hapo?" akauliza Ntandu.

"Wanasema hii ya bluu inatetemesha mikono, samahani zangu Bwana Nyuki," nikasema, nikijaribu kumtania ili asiumie. "Baada ya saa moja vidole vinakufa ganzi."

"Mimi vyangu havijawahi."

"Hujawahi kupumzika ukavisikiliza," akasema Fundi Hamisi, na watu wakacheka.

Kipengele kilichofuata kilikuwa cha kelele. Nyekundu, kwa ukimya wake, ilipewa tisa, bluu mbili, na chini ya ile mbili mwandishi alikuwa ameweka maneno ya dhihaka. Niliyasoma kimya kimya, nikainua macho, nikamwona Ntandu amekaa juu ya tairi anatazama mikono yake, anaifumba na kuifumbua. Sikuweza. Mtu amesimangwa kitu chake mbele za watu vya kutosha. Nikafunua ukurasa kana kwamba kipengele kimekwisha, nikasoma hukumu ya mwisho: nyekundu imeshinda, tena kwa mbali. Hakuna aliyejua kwamba nimeruka. Shangazi akaita kwamba kuku ameiva, tukaenda kula.

Tangu jioni ile Malkia ikaanza kutetemeka. Sijui niseme vipi vingine. Pikipiki ilikuwa ile ile, bolti zile zile, lakini Ntandu sasa alifika gesti akishuka anasugua vidole. Alianza kusema kiti ni kigumu. Alianza kuhesabu ni mara ngapi amepiga kiki, yeye ambaye kwa miaka alifanya ule utaratibu wake kama mtu anavyovua viatu mlangoni. Nilimsikia kupitia ukutani akimuuliza Fundi Hamisi kama mtetemo unaweza kumdhuru mke mjamzito akipakiwa nyuma, na Fundi Hamisi akajibu kwamba mke wa bwana nyuki anadhurika zaidi na bwana nyuki. Haikupita miezi miwili akaenda Singida Mjini, akakuta mfanyabiashara mmoja aliyekuwa na ile nyekundu ya kwenye gazeti na alitaka pikipiki nyepesi ya kuzungukia sokoni, wakabadilishana, Ntandu akaongeza madebe ya asali juu yake. Alirudi Itigi nayo mchana mmoja na sisi tulikuwa tumekaa uani tunachambua mboga. Hatukumsikia. Tuliinua macho tu, amesimama mlangoni, anatabasamu.

Ninachotaka kusema, na nimekuwa nikikisema kwa wanafunzi na kwa watoto wangu mpaka wamechoka, ni kwamba gazeti halikusema uongo. Nyekundu iliwaka kwa kiki moja. Ilikunywa mafuta kidogo. Breki zake zilishika. Nalijua hilo kwa mwili wangu, maana Ntandu alinipakia siku moja kwenda Mitundu, Dada Magdalena alikuwa ameomba nimpelekee nguo za mtoto kutoka kwa shangazi, na safari ile ndiyo nzuri kuliko zote nilizowahi kwenda maishani, na nimewahi kupanda ndege. Injini ilinong'ona chini yetu. Niliwasikia kanga wakikimbia kwenye majani makavu. Nilisikia upepo kwenye kola ya shati lake. Tulizipita njia ndogo zinazoingia vichakani, moja baada ya nyingine, na kwenye kila mdomo wa njia hapakuwa na mtu, kulikuwa na jua na mchanga tu, barabara yote ni yetu, na mimi nikafikiri hivi ndivyo wanavyojisikia wale wa kwenye picha. Sikujiuliza kwa nini hapakuwa na mtu. Nilikuwa na furaha mno kuuliza.

Tulipofika, Dada Magdalena alikuwa anafua. Alisimama, povu mikononi, akatutazama kama tumeanguka kutoka mbinguni. "Mmefikaje?" akasema. "Sijaweka hata maji motoni." Akaeleza akicheka, ingawa kicheko hakikukaa vizuri: tangu aolewe hajawahi kufikiwa na mumewe bila sufuria kuwa jikoni. Malkia ilisikika kutoka mbali sana, akaweka maji, akachekecha unga, akasonga, na mume anazima injini wakati ugali unageuzwa kwenye sahani. Siku ile tulikula tumechelewa, mlenda haujaiva sawasawa, na Ntandu alikuwa akisifia ukimya wa pikipiki kwa mke aliyekuwa akiitazama sahani yake.

Mwenye masikio angeelewa hapo hapo. Kule vichakani hakuna anayeona barabara; watu wanakaa ndani, kwenye sehemu walizofyeka, nusu saa ya kutembea au zaidi, na maisha yao yote na barabara yalipitia masikioni. Bwana Nyuki hakuwa na siku maalumu. Siku yake ilikuwa mlio wake. Waliposikia Malkia, mwenye asali ya kuonyeshwa alibeba ndoo, mwenye barua alichukua barua, mwenye mtoto anayechemka alimfunga mgongoni, na wote walitoka taratibu wakijua watafika barabarani kabla yake. Mimi niliyelala ukuta mmoja na karakana ile nilikuwa nimewasikia wanaume wakisema mara nyingi kwamba Malkia inaita watu. Nilidhani ni soga.

Habari za Mzee Juma, mrina asali wa kule vichakani, nilizisikia kupitia ukuta ule ule, mchana, nikiwa nimelala na homa kidogo na uso wangu umegusa tofali kupata ubaridi. Ulikuwa msimu wa kurina asali. Wanaume wa upande ule walikuwa wamekwenda kambi za asali za mbali na baiskeli zao, na Mzee Juma aliyebaki nyumbani alipanda mti kutundika mzinga, tawi likamwangusha, akavunjika paja. Mkewe, Bi Tatu, alimburuta mpaka kivulini kwenye kibanda chao, akamfunga vipande vya magome, akakaa naye. Hakuwa na uwezo wa kumbeba, wala hakuweza kwenda kushinda barabarani akimwacha peke yake bila wa kumpa maji. Alichofanya ni kukimbia mara moja, akafunga kanga yake kwenye kichaka kando ya barabara, akarudi kusikiliza. Alisikiliza siku mbili. Siku ya pili alisikia kitu kidogo, akadhani ni jirani ameanza kushona cherehani, na alipokumbuka kwamba hana jirani mwenye cherehani alikimbia, akakuta vumbi. Watu wa kambini waliporudi ndipo wakamtoa mzee kwa mkokoteni wa ng'ombe. Hospitali walimtunza vizuri, lakini mfupa ulikuwa umeshaanza njia yake, na mguu ukapona kwa mshazari. Mtu ambaye baba yake na babu yake waliishi juu ya miti hakupanda mti tena.

Ntandu alikuwa akisimulia haya kwa Fundi Hamisi kwa sauti ambayo sikuijua. "Ile kanga niliiona," akasema.

"Uliiona?"

"Niliiona. Nikasema, kuna mtu kasahau kanga yake. Nilikuwa naenda vizuri, Hamisi. Pikipiki ilikuwa inakwenda vizuri."

Nikamsikia Fundi Hamisi akitupa spana sandukuni. Kisha akasema wangefunga honi ya lori, na kweli wakaifunga, ikajaribiwa wiki nzima na vichaka vikaimeza. Honi inapigwa ukishafika. Inakuambia mtu yuko hapa. Watu wa mle walihitaji kujua kwamba mtu yuko njiani. Mimi nililala pale ukutani na maneno niliyoyaruka yakarudi yote, neno kwa neno, pamoja na alama yake mbili. Nilijua kabisa kwamba kama ningeyasoma jioni ile, kwa sauti, kwa dhihaka yake yote, Fundi Hamisi ambaye masikio yake ndiyo yalikuwa karakana yake angesema papo hapo, ngoja kwanza, hiyo si kasoro. Na nikanyamaza. Nilipopona, Ntandu alikuja kuniomba lile gazeti akae nalo, nikampa haraka kama mtu anayetoa kaa la moto mkononi, nikajifariji kwamba hawezi kulisoma.

Ilimchukua Ntandu miezi mitatu kupata nafasi ya kuifuata Malkia. Yule mfanyabiashara alikuwa ameichoka siku nyingi; alisema haiwaki, na kwa kweli kwake haikuwaka, hakuna aliyemwambia habari ya kutazama pembeni na kugonga tanki. Ntandu aliikuta Singida Mjini, nyuma ya ghala, imeegemea ukuta, na kuku wa mfanyabiashara alikuwa ametaga juu ya siti na kuatamia. Tulisimuliwa kwamba mwenye kuku alikataa kuku wake asumbuliwe, na Bwana Nyuki, ofisa wa serikali, alingoja siku nne mjini mpaka vifaranga wakaanguliwa. Ndipo akapiga kiki mbili, akatazama pembeni, akagonga tanki. Nyekundu ilirudi kwa mfanyabiashara na ikamtumikia kwenye lami na mitaa ya mjini miaka mingi, bila kumsumbua, kama gazeti lilivyoahidi. Nami nikaitwa chuoni, nikapanda treni na mkoba mmoja na chupa mbili za asali, na sikumwambia mtu yeyote kitu, mwaka huo wala miaka arobaini iliyofuata. Nimefundisha kusoma maisha yangu yote. Mtoto akiruka mstari darasani kwangu nilimsimamisha, nikamwambia rudi, soma kilichoandikwa, na watoto wakaniita mkali bila kujua nilikuwa namsimamisha nani.

Tulifika msibani saa nne na nusu. Uwanja ulikuwa umejaa, Wakristo na Waislamu wamechanganyika kwenye mikeka, masufuria ya msiba yanatoa mvuke, na Malkia imesimamishwa chini ya ukuta wa nyumba, bluu yake imeisha kabisa, siti imeshonwa upya kwa gunia. Mtani wa marehemu, Mzee Masaka, Mgogo aliyestaafu reli, alikuwa ameshavaa koti la mvua la Ntandu na kofia yake ya pikipiki, na amekaa juu ya siti akizuia jeneza lisitoke. "Huyu Mnyaturu haendi popote," alisema. "Amenisumbua masikio miaka yote, leo anataka kuondoka kimya kimya?" Watu walicheka wakilia. Akapiga kiki ya kwanza, ya pili. Akageuza uso, akatazama pembeni kwa dharau, ile ile, bega likiwa limeshuka vile vile, na mjane ndani ya nyumba, aliyekuwa akichungulia, akapiga yowe dogo la kicheko. Masaka akagonga tanki. Kiki ya tatu, ikawaka.

Moshi wa bluu ulipanda, mlio ukajaa uwanja, ukatoka, ukaenda vichakani. Nilikuwa nimekaa karibu na ajuza mmoja mdogo sana wa umbo, haoni, ambaye sikuwa nimemtambua. Alinyanyuka. Alipapasa, akaishika ndoo ya plastiki iliyokuwa karibu, ya maji ya kuoshea vyombo, akaanza kutembea kuelekea barabarani, bila haraka, kwa hatua za mtu anayejua ana muda. Mjukuu wake akamshika mkono. "Bibi Tatu, unakwenda wapi?"

"Bwana Nyuki anakuja," akasema Bi Tatu.

Kisha akasimama. Akaipapasa ndoo. Mzee Masaka akazima injini. Mjukuu alimrudisha mkekani taratibu, na ndipo jeneza likaachiwa.

Baada ya maziko niliingia ndani kwa Dada Magdalena. Alikuwa amekaa kwenye godoro, amenyoosha miguu, na Bi Tatu ameletwa kukaa naye, kwa kuwa yeye alishakuwa mjane siku nyingi na alijua namna ya kukaa. Nilitoa pole. Nilikuwa nimepanga kusema machache na kuondoka, lakini mdomo ulikataa, nikasema yote: jioni ile karakana, alama mbili, maneno niliyoyaruka, ukuta wa tofali moja, kanga kichakani. Nilimgeukia Bi Tatu, nikamwambia kosa la mguu wa mumewe ni langu. Nililia kama mtoto, mwanamke wa umri huu. Bi Tatu alinisikiliza, macho yake meupe yakitazama mlangoni.

Dada Magdalena alimtuma mjukuu avute sanduku la bati chini ya kitanda. Gazeti lilikuwa juu kabisa, limefungwa kwenye mfuko wa nailoni. Kurasa zake zilikuwa zimekuwa za kahawia na hazing'ai tena. Lilifunguka lenyewe pale katikati. Kwenye kipengele cha kelele, ile mbili ya bluu ilikuwa imekatwa kwa penseli, na pembeni, kwa mwandiko wa Ntandu, ule wa taarifa za ofisi, ameandika kumi. Chini yake, yale maneno yamepigiwa mstari.

"Alijua lini?" nikauliza.

"Kabla hujaondoka Itigi. Yule mzungu wa visima alirudi, mume wangu akamwomba amsomee." Alinyoosha kona ya ukurasa iliyokunjika. "Nilitaka nikuulize, akanikataza. Alisema, yule binti alinionea huruma, na kanga niliiona mimi. Alisema ukiambiwa utaogopa kusoma mbele za watu, na wewe unakwenda kuwa mwalimu."

Nje walikuwa wanagawa chakula, nasikia sahani zikigongana na Mzee Masaka akidai nyama ya shingo kwa haki ya utani. Bi Tatu alinyoosha mkono, akagusa gazeti, akalipapasa kana kwamba maandishi yana makunyanzi.

"Mwalimu," akasema, "wameandikaje hapo?"

Nikatafuta miwani kwenye mkoba, nikaivaa. Nikamsomea: "Mwenye kununua pikipiki hii asitegemee kumshtukiza mtu. Kabla hajabadili gia, kijiji cha mbele kitakuwa kimeshajua kwamba anakuja."

"Soma tena," akasema Bi Tatu.

Nikasoma tena.